DARAJA LA PILI

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika toleo hili la gazeti letu nataka kuandika juu ya kazi moja ambayo sote twafaidika nayo kila siku ilhali wachache tu waijua. Ni kazi ya msimamizi wa mtandao, yaani mtu atunzaye kompyuta nyingi zilizounganishwa ili ziweze kupelekeana habari. Mwalimu aandikapo alama zetu katika kompyuta ya ofisi, mzazi atumapo fedha za matumizi kwa simu, na ndugu zetu watazamapo matokeo ya mtihani wa Taifa, nyuma yao yupo mtu wa namna hiyo, naye aghalabu hajulikani hata jina.

Nimepata kuyajua haya kwa sababu mjomba wangu hufanya kazi hiyo katika ofisi moja mjini Arusha. Katika likizo mbili nimefuatana naye, nikimbebea ngazi na kumsaidia kuvuta nyaya, huku nikimwuliza maswali mpaka akacheka. Haya niandikayo ni yale niliyoyaona na kuyasikia kwake, pamoja na yale niliyoyasoma.

Somo lenyewe ni moja tu. Kila kitu tukitegemeacho sana chataka kiwe na cha pili chake, na hicho cha pili kisisimame juu ya msingi wa kile cha kwanza.

Kwetu ni Daraja Mbili. Mwalimu wa Kiswahili atasema yafaa tuseme Madaraja Mawili, naye ana haki, lakini jina la mahali halisahihishwi kwa wino mwekundu. Mito itokayo Mlima Meru hupita katikati ya mji wetu, na wakati wa masika kijito kilichokuwa cha kurukwa na mtoto huweza kuja na mawe na magogo. Mtu mwenye daraja moja likichukuliwa, atakaa ng'ambo akingoja maji yapungue. Mwenye mawili atazunguka aende zake. Lakini ikiwa madaraja yote mawili yamejengwa juu ya mto mmoja, na baina yake ni hatua chache tu, gharika moja itayabeba yote. Mfano huu tuushike vema, maana tutauhitaji katika kila sehemu ya somo hili.

1. MTANDAO NI KITU GANI

Tufikirie kazi ya posta. Mtu akituma picha kwa simu, picha ile haiendi nzima. Hukatwa vipande vidogo vidogo, na kila kipande hutiwa kama katika bahasha yenye anwani ya apelekaye, anwani ya apelekewaye, na namba ya kipande. Njiani vipo visanduku viitwavyo ruta. Hivyo ni kama makarani wa posta: kila kimoja husoma anwani, kikaipeleka bahasha kwenye kituo kinachofuata. Njia moja ikifungwa, ruta huweza kuipitisha bahasha njia nyingine, mradi njia hiyo ipo. Bahasha zikifika, simu ya mpokeaji huzipanga kwa namba zake, na picha ikawa nzima tena. Ikiwa bahasha moja imepotea, mpokeaji huomba iletwe upya.

Habari zitokazo Arusha kwenda Dar es Salaam husafiri, kwa sehemu kubwa, ndani ya nyuzi za kioo zilizo nyembamba kama unywele. Nyuzi hizo huchukua mwanga. Serikali ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano mwaka 2009, nao husimamiwa na Shirika la Mawasiliano Tanzania, yaani TTCL. Mwanga ndani ya kioo huenda kilometa zipatazo 200,000 kwa sekunde moja. Kutoka hapa mpaka Dar es Salaam ni kilometa zaidi ya 600 kwa barabara. Mwenye kalamu na apige hesabu: safari ambayo basi huifanya kutwa nzima, mwanga huimaliza katika sehemu tatu hivi za elfu za sekunde.

Toka Dar es Salaam habari huingia baharini. Mkongo wa SEACOM ulianza kazi mwezi wa Julai mwaka 2009, na mkongo wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Huu wa pili una urefu upatao kilometa 10,000, kutoka Mtunzini katika Afrika Kusini mpaka Port Sudan. Kabla ya hapo sehemu hizi za Afrika Mashariki zilitegemea setilaiti zilizo juu ya Ikweta, kama kilometa 36,000 kutoka ardhini. Habari zilipanda huko juu, kisha zikashuka, na gharama yake ilikuwa kubwa.

2. KAZI YA MSIMAMIZI

Watu wengi hudhani kwamba msimamizi wa mtandao hukaa mbele ya kompyuta kutwa. Mjomba hukaa kidogo sana. Afikapo asubuhi huingia kwanza katika chumba cha mitambo, akagusa ukuta ajue joto, akatazama taa ndogo za visanduku, kisha akatazama betri zinazosaidia umeme ukatikapo. Kila siku huandika katika daftari gumu la kaunta: tarehe, kilichobadilishwa, aliyebadilisha, na sababu yake. Nalimwuliza kwa nini haandiki katika kompyuta. Akanijibu, "Mwanangu, siku kompyuta zikizima ndiyo siku nitakayolihitaji daftari."

Swali lake ni lilelile kila siku: "Hiki kikifa leo, kazi itaendeleaje?" Huliuliza juu ya waya, juu ya sanduku, juu ya umeme, na hata juu yake mwenyewe. Kwa hiyo amemfundisha kijana mwingine pale ofisini kila anachokijua. Alisema mtu afichaye ujuzi wake ili asiachishwe kazi amejifanya kuwa daraja moja, na siku akiugua ofisi nzima itaugua pamoja naye.

Si kila hatari hutoka mbali. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mjomba alinisimulia kwamba katika ofisi moja aliyopata kufanya kazi zamani, nusu ya jengo ilipoteza mtandao kila siku saa nne asubuhi, na baada ya robo saa ukarudi. Walibadilisha waya, wakabadilisha sanduku, wakailaumu kampuni ya intaneti, wala haikufaa kitu. Mwishowe mjomba akachukua kiti, akaketi ukumbini saa nne kasorobo. Ilipotimia saa nne akaja mama apikaye chai, akachomoa plagi ya kisanduku cha mtandao, akachomeka birika lake. Mama yule hakuwa na kosa, kwani hakuna aliyemwambia kisanduku kile ni cha nini. Mjomba hakumgombeza. Alimwekea soketi ya pili kwa ajili ya birika, akabandika karatasi juu ya ile ya kwanza: USICHOMOE. Tangu siku hiyo mtandao haukukatika saa nne, na chai haikuchelewa.

3. MIKONGO ILIPOKATIKA MWAKA 2024

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wasomaji wengi watalikumbuka. Siku ya Jumapili, tarehe 12 Mei mwaka 2024, intaneti ilikuwa nzito mno Tanzania nzima, na mahali pengi haikupatikana kabisa. Kenya, Uganda, Rwanda, Malawi na Msumbiji ziliguswa pia, lakini nchi yetu ilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Ubalozi wa Marekani mjini Dar es Salaam ulifunga milango yake kwa umma siku mbili kwa sababu hiyo.

Sababu ilikuwa baharini, karibu na pwani ya kaskazini mwa Durban, Afrika Kusini. Mikongo ya SEACOM na EASSy ilikatika yote miwili. Hapo ndipo tunapoona mfano wa mto wetu. Nchi ilikuwa na madaraja mawili, na watu walijisikia salama, lakini katika sehemu ile madaraja hayo yalipita mto mmoja.

Mtu atauliza, je, habari hazikuweza kwenda kaskazini? Jibu ni kwamba njia ya kaskazini ilikuwa na jeraha tayari. Tarehe 18 Februari mwaka huohuo, meli iitwayo Rubymar ilishambuliwa katika sehemu za Bahari ya Shamu, ikaachwa ikielea. Siku chache baadaye mikongo mitatu, mmoja wao ukiwa SEACOM, ilikatika katika bahari hiyo, na inaaminiwa kuwa ni nanga ya meli ile iliyoikata. Vita vilizuia matengenezo, na mwezi wa Mei ulipofika jeraha lile lilikuwa bado. Basi daraja la kaskazini lilikuwa limevunjika muda wa miezi miwili na zaidi, na watu wa kawaida hawakujua, kwa sababu walikuwa wakipita lile la kusini. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ufa usiouona ndio ulio mbaya kupita yote. Mjomba husema kwamba siku ya hatari kubwa ni ile ambayo njia ya kwanza yafanya kazi vizuri na ya pili imekufa kimya. Kwa sababu hiyo kila mwezi yeye huchomoa njia ya kwanza kwa makusudi, baada ya saa za kazi, aone kama ya pili yabeba mzigo.

Mikongo hutengenezwa na meli maalum. Léon Thévenin, meli ambayo maskani yake ni Cape Town, ndiyo iliyotumwa kuutengeneza EASSy. Mabaharia huukamata mkongo chini ya bahari kwa ndoano, huuvuta juu, huunganisha nyuzi za kioo moja moja, kisha huushusha tena. Wakati huohuo makampuni yalitafuta njia nyingine za kupitisha habari, na huduma zikarudi kidogo kidogo.

Yako mambo mawili ya kujifunza hapo. Kwanza, simu za sauti, ujumbe mfupi, na menyu ile ya nyota na reli hupita katika mtandao wa simu uliomo nchini. Mama yangu ana kibanda cha uwakala wa fedha hapo Daraja Mbili, na siku zile aliendelea kuwahudumia wateja kwa kubonyeza nyota na reli, huku jirani yake mwenye duka la intaneti akiwa amefunga. Pili, si kila habari ina haja ya kuvuka bahari. Mtu wa Daraja Mbili akimpelekea barua mtu wa Njiro, kwa nini barua ipitie Ulaya? Ndiyo maana makampuni ya intaneti huanzisha makutano ya ndani, ambapo hupeana habari ana kwa ana. Makutano ya namna hiyo yalianzishwa Dar es Salaam na hapa Arusha pia. Kadiri habari zetu zinavyohifadhiwa nchini, ndivyo tunavyopungukiwa na hofu ya nanga za wengine.

4. UFUNGUO ULIOFUNGIWA NDANI

Kosa la kujenga juu ya mto mmoja huwapata hata wakubwa. Jioni ya tarehe 4 Oktoba mwaka 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram, ambazo zote ni za kampuni moja, zilipotea duniani kote muda wa saa sita hivi. Kampuni yenyewe ilieleza baadaye jinsi ilivyokuwa. Mafundi wake walikuwa katika kazi ya matengenezo, wakatoa amri moja ambayo ilikata njia zote zilizounganisha majengo yake makubwa ya kompyuta. Ilikuwapo programu ya kuzuia amri za hatari, lakini nayo ilikuwa na kasoro, isiizuie. Mara anwani za kampuni zikafutika katika njia za intaneti, ikawa kana kwamba nyumba ipo lakini barabara zote za kuiendea zimeondolewa kwenye ramani.

Hilo halikuwa kubwa kama lililofuata. Mafundi walipotaka kurekebisha, walikuta vyombo vyao vya kurekebishia vilitegemea mtandao uleule uliokufa. Ikabidi watu wasafiri kwa miguu yao mpaka kwenye majengo, na majengo hayo yalikuwa yamelindwa sana hata kuingia kukachukua muda. Walikuwa wamefunga mlango na ufunguo umo ndani.

Nilipomweleza mjomba habari hii, alinionyesha kisanduku kidogo pembeni mwa chumba chake, kilichounganishwa kwa laini ya simu ya kampuni nyingine. Mtandao wote wa ofisi ukifa, yeye aweza kuingia kwa njia ile. Alisema, "Huu ndio ufunguo nilioufukia nje ya nyumba."

5. NAKALA

Mashine hufa. Diski huharibika, paa huvuja, mwizi huiba, na wako wahalifu ambao huingiza programu ya kufunga mafaili yote kwa siri, kisha hudai fedha ndipo wayafungue. Dawa ya yote haya ni nakala. Kanuni ya mafundi ni rahisi kukumbukwa, nayo huitwa tatu, mbili, moja: mafaili yawe mahali patatu, juu ya vyombo vya aina mbili, na nakala moja ikae mbali na jengo.

Hebu tuipime kanuni hiyo kwa mambo yetu wenyewe. Alama zetu za miaka minne ni jasho letu na la walimu wetu. Zikiwa katika kompyuta moja tu, zina daraja moja. Zikitiwa katika flashi, na flashi ile ikachomekwa katika kompyuta ileile usiku na mchana, radi moja au mwizi mmoja atazichukua zote mbili. Lakini ikiwapo nakala katika kompyuta, nyingine katika diski iliyofungiwa kabatini, na nyingine katika karatasi zilizowekwa jengo lingine, basi hata moto hautazifikia zote.

Jambo la mwisho juu ya nakala ni kuijaribu. Mjomba kila mwisho wa mwezi huchagua faili moja bila kufuata mpango, akajifanya limepotea, akalitafuta katika nakala. Amepata kuwaona watu waliohifadhi nakala mwaka mzima, na siku ya shida wakafungua wakakuta diski tupu.

6. HESABU YA NENO LA SIRI

Wapenzi wa Hisabati wasinung'unike, sehemu hii ni yao. Tuseme neno la siri lina herufi nane ndogo, na kila nafasi yaweza kukaa herufi yoyote katika 26 za alfabeti ya Kiingereza. Idadi ya maneno yawezayo kutungwa ni 26 kwa kipeo cha 8, yaani 208,827,064,576. Ni nyingi sana kwa mtu, lakini tuseme mwizi amepata orodha ya siri zilizofumbwa, naye ana kompyuta ya kujaribu maneno 1,000,000,000 kwa sekunde. Atayamaliza yote kwa sekunde 209, yaani dakika tatu na nusu.

Sasa tuongeze herufi nne tu, ziwe kumi na mbili. Idadi yake ni 26 kwa kipeo cha 12, na kompyuta ileile itahitaji sekunde zaidi ya 95,000,000, ambazo ni siku zipatazo 1,104. Hiyo ni miaka mitatu. Kwa herufi nne tumetoka dakika tatu na nusu tukafika miaka mitatu. Hesabu hii yafaa kwa neno lisilobahatishika. Aliyeandika jina lake na mwaka wa kuzaliwa hana ulinzi hata kama herufi ni ishirini, maana mwizi huanza na hayo. Njia nzuri ni kuunga maneno manne yasiyohusiana, kama vile jembe, mwezi, kikapu na twiga. Ila mfano huu msiutumie, kwa kuwa umekwisha chapwa gazetini.

Pamoja na hayo, neno moja la siri ni daraja moja. Ndiyo sababu huduma nyingi siku hizi hutaka na kitu cha pili, mathalan namba ya tarakimu sita iletwayo kwa simu. Aliyeiba neno lako hataingia bila namba ile. Kwa hiyo mtu yeyote akikupigia na kusema, "Samahani, namba yangu imekuja kwako kwa makosa, nisomee," usimsomee. Namba hiyo ni daraja lako la pili, na ukimpa umemvusha mwizi kwa mikono yako.

7. DARAJA LA PILI LA MZAZI

Sehemu hii naiandika hasa kwa wazazi wetu, na naomba wenzangu wawasomee wale ambao macho yao yamechoka.

Sisi wa bweni haturuhusiwi kuwa na simu shuleni. Walaghai walijua hilo zamani, wakaligeuza kuwa biashara. Mwaka jana, mchana mmoja, mama yangu alipigiwa simu akiwa kibandani kwake. Aliyepiga alijiita mwalimu. Alitaja jina langu na kidato changu, akasema nimeanguka, nimepelekwa hospitali, daktari ataka shilingi 120,000 kabla ya kunipasua, na fedha zitumwe upesi kwa namba atakayoitaja. Nyuma yake zilisikika sauti za watu wakilia.

Mama hakubishana naye. Alimwambia, "Subiri kidogo, Mwalimu," akakata. Katika ukuta wa kibanda chake amebandika fomu yangu ya kujiunga na shule, yenye namba ya simu ya shule. Akapiga namba hiyo. Matroni akatuma mtu, nikaitwa kutoka katika kipindi cha Kemia, nikapewa simu nikiwa sijui lolote.

Nikasema, "Shikamoo, mama."

Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Marahaba, mwanangu. Rudi darasani," akakata.

Habari yote niliipata likizoni. Nilipomsimulia mjomba, alisema mama yangu amefanya kazi ya msimamizi wa mtandao bila kusomea. Habari ilikuja kwa njia moja, akaihakiki kwa njia ya pili, na njia hiyo ya pili hakupewa na yule mtu. Lau angeipiga namba ambayo mlaghai alimpa, ati aongee na daktari, angekuwa amevuka daraja la pili juu ya mto uleule. Mzazi mwingine wa mtaani kwetu hakupata nafasi ya kufikiri. Alituma fedha alizokuwa ameweka kwa ajili ya mbegu na mbolea, na mwanawe alikuwa mzima, akicheza mpira.

Nguvu ya mlaghai ni haraka na hofu. Yule atumaye ujumbe wa kusema "ile hela tuma kwenye namba hii" hutumia mazoea: hutuma kwa watu maelfu, naye ajua kwamba miongoni mwao wako waliokuwa tayari wanataka kumtumia mtu fedha. Basi wazazi wetu wafanye haya:

(a) Namba ya shule iandikwe katika karatasi na kubandikwa ukutani, isikae ndani ya simu peke yake.

(b) Habari yoyote ya fedha ihakikiwe kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si kwa ile uliyopewa sasa hivi.

(c) Kila nyumba ichague neno moja la siri la kuulizana, ambalo mgeni hawezi kulijua.

(d) Ujumbe wa ulaghai upelekwe namba 15040, iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kwa kazi hiyo. Na kwa kubonyeza *106# mtu aweza kujua ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, asije akabebeshwa laini ya mhalifu.

(e) Tusitawanye majina ya watoto, picha za fomu na namba za simu katika makundi ya WhatsApp. Mlaghai aliyelitaja jina langu alilipata mahali fulani. Nchi yetu inayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, lakini sheria hufika baada ya mwizi. Tahadhari hutangulia.

Nami nina ombi moja kwa Mkuu wa Shule na walimu wetu, nalitoa kwa heshima. Katika ripoti za muhula huu, zichapwe namba mbili za simu za shule, zilizo katika laini za makampuni mawili mbalimbali, pamoja na maneno haya: "Mzazi, usitume fedha kabla hujapiga hapa." Gharama yake ni wino wa mstari mmoja, na faida yake mama yangu aweza kuieleza.

8. MANENO YA MWISHO

Mjomba hapewi sifa nyingi. Alisema kazi yake ikienda vizuri watu huuliza analipwa kwa ajili ya nini, na ikiharibika huuliza vilevile. Hata hivyo huenda kila asubuhi akagusa ukuta, akatazama taa, akaandika daftari. Miongoni mwetu wako watakaoifanya kazi hiyo baada ya masomo, na wako wasiopenda kompyuta hata kuziona. Wote wawili wana madaraja ya kutazama, maana kila nyumba ina kitu inachokitegemea.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini kuwa na mikongo miwili hakukuiokoa nchi yetu tarehe 12 Mei 2024?

2. Neno la siri lina herufi ndogo kumi. Kompyuta ijaribuyo maneno 1,000,000,000 kwa sekunde itamaliza yote kwa siku ngapi?

3. Eleza tofauti ya nakala iliyo ndani ya kompyuta ileile na nakala iliyo jengo lingine.

4. Mtu amekupigia akisema ni fundi wa kampuni ya simu, akakupa namba ya mkubwa wake ili uhakikishe. Je, umehakikisha? Toa sababu.

5. Ukifika nyumbani likizo hii, hesabu vitu vitatu ambavyo nyumba yenu inavitegemea na havina cha pili chake. Waeleze wazazi wako.